Vitanda Vilivyohama

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Iliingia kwa tundu la msumari uliolegea kwenye bati,
tone, kisha tone, juu ya kitanda cha nne.
Zamu ya mchana walikuwa na huruma:
wakamsukuma Bibi Sekela, kitanda na blanketi na chupa yake ya uji,
mpaka dirishani.
Namba nne ikabaki ukutani, imepakwa rangi,
haina wa kumlinda.

Jioni wodi ikajaa. Mgonjwa mpya akaletwa kutoka Masoko,
kifua kinampiga filimbi.
Wakamweka chini ya ile nne, beseni miguuni.
Naye aliitwa Sekela.
Hakuna aliyeandika.
Huruma huwa haina kalamu.

Saa nane usiku umeme ukaenda zake.
Nilishika tochi kwa meno, faili kwapani,
sindano mkononi, insulini, uniti kumi na nne.
Faili lilisema: kitanda cha nne.
Nikauliza, maana tulifundishwa kuuliza,
"Bibi, wewe ndiye Sekela?"
Akajibu, "Ndaga."

Mzee wa huku ukimkanyaga mguu atakuambia ndaga.
Ukimletea habari ya msiba, ndaga.
Tena hakusema uongo: alikuwa Sekela kweli,
ila si yule.

Nilishamfunua mkono.
Tusekile alikuwa anakausha sakafu, hakuinua hata kichwa:
"Sista, wa sukari si yule wa dirishani?
Huyu kaja na kifua."

Kati ya sindano na ngozi
ingepita punje moja ya mchele wa Kyela.
Mbili zisingepita.

Siku tatu nilikunywa chai isiyo na ladha
katika mji unaolima chai.
Kabatini kulikuwa na daftari, jalada lake limeandikwa NUSURA,
miezi kumi na moja halina mstari.
Sote tulikuwa wakamilifu, au sote tulikuwa waoga.
Nikaandika kwa mkono wa kushoto, nisijulikane:
*Jumanne usiku. Nusura nimchome asiye wake.*

Matroni Atuganile alisoma akiwa amesimama.
Nilisubiri aulize nani.
Akauliza saa ngapi.
Usiku huo akatuita, akazima taa zote,
akagawa sindano tupu na tochi,
akasema, "Tutembee tena."

Tukatembea. Tukagonga beseni.
Tukakuta namba imebaki ukutani na mtu kahama,
tukakuta faili linalomjua kitanda lisilomjua mgonjwa,
tukakuta tochi ya kushikwa kwa meno,
tukakuta swali lenye jibu moja tu ndani yake.
Mimi pia nilijikuta humo, gizani,
sikukana;
lakini sikuwa peke yangu.

Siku hizi namba za ukutani tumezikwangua kwa kisu cha jikoni.
Jina liko mkononi mwa mwenyewe, kwenye plasta,
na jina la baba, maana akina Sekela ni wengi.
Tusekile hukaa nasi zamu zikibadilishana,
ufagio magotini, na tunamsikiliza.
Daftari lina mistari kumi na saba.
Mingine inachekesha. Mmoja hatukuumaliza kuusoma.
Barua ya bati imekwenda halmashauri mara mbili;
beseni bado lipo, bado linahesabu.

Na Bibi Sekela wa dirishani, aliyerudi kliniki juzi
na mkungu wa ndizi kichwani,
alinicheka nilipotoa dawa na kusema,
"Niambie jina lako, bibi."
"He! Mwanangu, wiki tatu umeniosha mgongo,
leo umenisahau?"

Sijakusahau, bibi.
Naogopa kukujua mno.
Liseme tu,
lote, mpaka la baba yako,
nami nitangoja.